Kipete Kisicho na Mshono: Ushauri kwa Anayejifungia Lida Nyumbani

Mwaka juzi, katika kijito kimoja cha upande wa Machame, juu ya mashamba ya kahawa na migomba ambako maji hubaki baridi hata mwezi wa Januari, nilipoteza samaki aina ya trauti ambaye namkumbuka kwa uzito wake kwenye fimbo na si kwa sura, kwa kuwa sikumwona kabisa. Mshipi ulilegea ghafla. Niliuvuta nikitarajia kukuta nailoni imekatika, lakini hakukuwa na ncha iliyokatika wala unyuzi wa fundo uliobaki. Kipande cha mwisho kilikuwa kimeondoka na fundo lake zima, na kipete, yaani kiduara kidogo cha chuma nilichokifungia kati ya nyuzi mbili, kilikuwa kimeachama kidogo sana, kiasi ambacho ukucha usingeingia, ila nailoni ya milimita 0.15 ingepita bila shida.

Kosa lilikuwa langu. Kipete kile nilikinunua Arusha, katika duka linalouza vifaa vya kutengenezea mapambo ya shanga, pakiti nzima kwa bei ya chai na maandazi mawili, nikajiona mjanja kuliko wanaoagiza vipete vya uvuvi kutoka ng'ambo. Nayaandika haya kwa sababu nimekutana na wenzangu wawili, mmoja wa Moshi na mwingine wa Usa River, ambao walifikia ujanja ule ule kwa njia zao wenyewe.

Kwa asiyeufahamu uvuvi huu, nieleze kwa ufupi. Tunaovua kwa nzi wa bandia, yaani ndoana iliyovishwa ifanane na mdudu, hatutupi chubwi. Uzito wa kurusha uko kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene na unaonekana mno kumfungia samaki mwenye macho makali. Kati ya mshipi huo na nzi hufungwa nailoni inayoanza nene na kuishia nyembamba, inayoitwa lida, na kipande chake cha mwisho kilicho chembamba kuliko vyote huitwa tipeti. Lida za dukani hazipatikani kirahisi huku kwetu, kwa hiyo wengi wetu hujifungia kwa nailoni za kawaida za kuvulia. Yangu ina urefu wa mita 2.7: karibu asilimia sitini ni nailoni nene, asilimia ishirini ni ile inayopungua hatua kwa hatua, na asilimia ishirini iliyobaki ni tipeti. Naanza na milimita 0.45, nashuka hadi 0.40, 0.35, 0.30 na 0.25, kila hatua ikiwa milimita 0.05, kwa sababu fundo la kuunganisha nyuzi mbili zinazopishana sana kwa unene hushika upande mmoja na kuteleza upande mwingine.

Kazi hiyo hunichukua karibu nusu saa kwa lida moja, na hapo ndipo kipete kinapokuwa na maana. Kila unapobadilisha nzi unakata sentimita kadhaa za tipeti, na tipeti ikiisha unalazimika kufunga nyingine kwa kuila lida yenyewe, hadi baada ya safari chache mpangilio wote wa unene unakuwa umeharibika. Kipete kikifungwa kwenye ncha ya lida, lida haikatwi tena. Kinachobadilishwa ni tipeti peke yake. Faida ya pili ni kwamba nyuzi hazifungwi moja kwa nyingine, bali kila moja hufungwa kwenye chuma, kwa hiyo unaweza kuruka kutoka 0.25 hadi 0.15 bila hatua ya katikati, au kuunganisha nailoni ya kawaida na tipeti ya florokaboni, nyuzi mbili ambazo zikifungwa pamoja mara nyingi hazipatani.

Sasa nirudi kwenye vipete vya shanga. Kipete cha mapambo ni waya uliokunjwa duara hadi ncha zake mbili zikutane, na hutengenezwa hivyo makusudi ili fundi akifungue kwa koleo, aingize ushanga na kukibana tena. Kipete cha uvuvi hakina mshono, ni duara kamili. Baada ya mkasa wa Machame nilivifanyia jaribio nyumbani. Nilitundika kipete kimoja kwenye msumari kwa uzi wa kushonea viatu, upande wa pili nikaning'iniza kindoo, kisha nikamimina maji kwa chupa ya lita moja, kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Cha shanga kilifunguka kabisa kwenye lita ya nne. Cha uvuvi, cha milimita mbili, kilibeba lita kumi, nami nikaacha kwa kuuhurumia uzi na sakafu.

Hata hivyo jaribio hilo linaweza kukupotosha, kama lilivyonipotosha mimi kwa jioni nzima. Tipeti ya milimita 0.15 hukatika kwenye mvuto wa kilo mbili hivi. Ukifuata hesabu ya nguvu peke yake, kipete kinachostahimili zaidi ya kilo tatu kingeonekana kinatosha na kusaza, kwa maana nailoni ingekatika kabla yake. Lakini nailoni haingoji kipete kifunguke. Inahitaji ufa wa unene wake tu, na ufa huo upo tangu siku ya kwanza, ukijificha mahali ncha mbili zinapogusana, ukipanuka kidogo kila samaki anapokurupuka na kujifunga tena anapotulia. Fundo nalo huzunguka kwenye kipete wakati wa kurusha, na siku moja hujikuta limesimama juu ya ufa. Kwa hiyo ukinunua vipete usivutwe na tarakimu za kilo zilizoandikwa kwenye pakiti, ambazo karibu zote zinazidi kwa mbali nguvu ya tipeti utakayofunga. Kitu cha kwanza kuuliza ni kama kuna mshono.

Nilijaribu pia kuviokoa vile nilivyokwisha kuvilipia. Sonara mmoja wa Moshi alinichomelea vitano kwa risasi ya fedha, akishangaa nina bibi harusi gani wa kuvishwa pete za ukubwa huo. Ufa uliziba, lakini mahali pa kuchomelea pakabaki kivimbe chenye mikwaruzo, na tipeti mbili zikakatika hapo hapo bila samaki yeyote. Ukijumlisha na malipo ya sonara, kila kipete kilinigharimu kuliko cha kuagiza. Sikushauri.

Kuhusu ukubwa, vipete vinavyopatikana ni vya kipenyo cha kati ya milimita 1.5 na 3. Kwa mito yetu ya mlimani na tipeti za kuanzia 0.13 hadi 0.20 mimi hutumia cha milimita mbili, na sioni sababu ya kushuka zaidi, kwa kuwa cha 1.5 kinahitaji macho ambayo mimi sinayo tena baada ya miaka arobaini. (Ukikuta kwenye tipeti maandishi kama 5X, toa tano kwenye kumi na moja, utabaki na sita: hizo ni sehemu za elfu za inchi, yaani milimita 0.15 hivi.) Cha milimita tatu ninacho kwa ajili ya kuyu na kambale wa mito ya chini, ambako nafunga nailoni nene na nzi wazito. Kwa hesabu yangu, kipete cha chuma cha milimita mbili chenye waya wa milimita 0.4 kina uzito wa miligramu tano hivi, na cha tatu chenye waya wa 0.6 kina zaidi ya mara tatu ya huo. Cha kwanza hushikiliwa na ngozi ya maji na hakimzamishi nzi anayeelea, mradi tipeti isiwe fupi kupindukia. Cha pili huvuta ncha ya lida chini, jambo ambalo kwa nzi wa kuzama halina ubaya wowote.

Angalia pia ulaini wake. Chukua uzi mwembamba wa pamba, upitishe ndani ya kipete na uuvute huku na huku mara kumi. Ukitoka na manyoya, kuna kona inayokata, na nailoni yako itakatwa vivyo hivyo. Kwa kutu, kitumbukize kimoja kwenye glasi ya maji ya chumvi usiku kucha. Chuma cha pua hakitabadilika, wakati chuma cha kawaida kilichopakwa rangi kitaanza kuonyesha madoa mekundu. Rangi yenyewe sijaona kama inawasumbua samaki, ingawa nikiwa na nafasi ya kuchagua huchukua cheusi, kwa sababu kinachong'aa hunichezea machoni nikiwa naangalia nzi wangu.

Kukifunga ndiko kunakochosha watu. Vipete huja vimetungwa kwenye pini, kwa kawaida kumi, na kishawishi cha kukitoa kimoja kwanza ndicho kilichonipotezea vitatu kwenye nyasi siku moja. Kiache kwenye pini. Pitisha ncha ya lida ndani ya kipete cha mwisho, izungushe juu ya nailoni yake mara tano, irudishe kwenye kitanzi kidogo kilicho karibu na kipete, lowesha kwa mate, kisha kaza taratibu. Mate si mapambo, kwani nailoni ikikazwa ikiwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika. Baada ya hapo ndipo ukichomoe kutoka kwenye pini na kufunga tipeti kwa fundo hilo hilo. Mimi huyafanya haya mezani nikiwa nimetandaza kanga nyepesi mapajani, na mke wangu amekwisha kuizoea sauti yangu ya kumwomba asiikung'ute.

Jambo moja hugunduliwa na wengi wakiwa wamechelewa. Ukikunja mshipi kupita kiasi, kipete huweza kuingia kwenye kitundu cha ncha ya fimbo unapomkaribisha samaki miguuni, na kikikwama hapo, samaki akikurupuka mara moja ya mwisho tipeti hukatika. Tipeti yangu ina nusu mita hivi tu, kwa hiyo nafasi niliyo nayo ni ndogo. Nimejizoesha kuacha kukunja mara ninapokiona kipete karibu na ncha, halafu nanyoosha mkono wenye fimbo nyuma ili samaki asogee mwenyewe.

Wanaovua kwa nzi wawili hufunga tipeti fupi ya sentimita kumi hivi kwenye kipete hicho hicho, ikining'inia kando. Kwenye cha milimita mbili mafundo matatu hubanana, na ukitaka kuvua hivyo mara kwa mara chagua cha milimita 2.5.

Anayevua perege wa Bwawa la Nyumba ya Mungu kwa nailoni moja na nyungunyungu hahitaji kipete chochote, na nisingependa mtu anunue kitu kwa sababu tu nimekiandikia makala. Ukishakinunua, kikague kila unapobadilisha tipeti kwa ule uzi wa pamba, kwani mchanga wa mtoni huacha mikwaruzo hata kwenye chuma kizuri. Nilicho nacho sasa kimemaliza misimu miwili ya mvua, na vinane vilivyosalia viko kwenye pini yao, nimeichoma ndani ya utepe wa kofia.