Karanga nzima kwa mtoto wa chekechea

Je, unaweza kumfungia mtoto wa chekechea karanga nzima akale shuleni? Hapana, karanga nzima hazimfai mtoto aliye chini ya miaka 5, hata kama meno yake yote yameota, kwa sababu njia yake ya hewa bado ni nyembamba na hajamudu kutafuna vitu vigumu, hasa anapokula huku akicheka na wenzake. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, inatoa ushauri huo huo. Zisage ziwe siagi, uipake juu ya mkate au kiazi kitamu kilichochemshwa, tena kwa tabaka jembamba, maana donge nene nalo hunasa kooni. Ila mwulize mwalimu kwanza: akiwapo darasani mtoto mwenye mzio wa karanga, hata siagi ibaki nyumbani.