Nanenepa, na sahani ni ileile

SWALI: Shikamoo daktari. Tangu nihamishiwe kitengo kipya kazini nanenepa, ingawa sijaongeza chakula. Kazi zimenielemea, silali vizuri, na wenzangu hawakai bila soda. Mume wangu anasema ni uvivu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si uvivu, na neno hilo linaniudhi, maana humfanya mtu ajifiche badala ya kutafuta msaada.

Nianze na soda. Kopo la mililita 330 huwa na takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya 5, yaani kama gramu 25. Kopo moja limeshapita hapo! Tena sukari ya kunywa haishibishi kama chakula cha kutafuna, kwa hiyo sahani inabaki ileile huku mwili ukiongezeka.

Msongo ukidumu, homoni ya kotisoli huchochea hamu ya vitamu na mafuta hujikusanya tumboni. Usingizi hafifu huzidisha njaa.

Wenzako nao wana mchango. Mwaka 2007, Nicholas Christakis na James Fowler walichapisha utafiti wa watu 12,067 nchini Marekani: rafiki akiwa mnene kupita kiasi, uwezekano wa mwenzake kufuata uliongezeka kwa asilimia 57. Basi usipambane peke yako. Mshawishi hata mmoja mhamie kwenye maji. Kapime pia sukari ya damu na homoni za tezi ya shingo, na mumeo asome jibu hili.