Mwanangu, Tazama Ncha Kabla ya Kushika Mkasi

Mwanangu mpendwa,

Nimeipata barua yako, na picha ya nyota uliyoishona iko mbele yangu hapa ninapoandika. Umeuliza mambo mawili. Kwanza, je, ni lazima kitambaa kizuri kitobolewe matundu kila mahali ili tu maua yakutane sawasawa kwenye nyota ya mfarishi, yaani blanketi la vipande vya kitambaa vilivyounganishwa? Pili, kwa nini almasi zako nane, vile vipande vya pande nne vyenye ncha mbili kali ulivyovikata kwa uangalifu wote ule, zimekupa katikati majani yaliyokatika badala ya waridi?

Nianze na la pili, maana ndilo lenye kazi. Ulilipanga waridi kwa kufuata mstari wa mkasi, na nyota huonekana kwa mstari wa mshono. Kila almasi ya nyota ya ncha nane ina pembe ya nyuzi 45 pale katikati. Nane zikikutana zinatimiza nyuzi 360. Pembe nyembamba namna hiyo humezwa sana na mshono. Ukiacha milimita 6 za kushonea kila upande, pembe pana za almasi hupoteza milimita 6 na nusu hivi, lakini ncha kali hupoteza karibu 16. Kitovu cha waridi lako kilikuwa humo humo ndani ya hizo 16, kwa hiyo kimeenda nyuma ya kazi. (Nyota ya ncha sita ina huruma kidogo: pembe yake ni nyuzi 60, na ncha hupoteza milimita 12.)

Kwa hiyo tengeneza kiolezo cha plastiki ngumu inayoonyesha upande wa pili. Chora juu yake mstari wa mshono, milimita 6 kutoka ukingoni, kisha chora mstari wa katikati kutoka ncha kali hadi ncha kali. Ukitembeza kiolezo juu ya kitambaa, macho yako yasitoke nje ya ule mstari wa mshono. Ukipata mahali panapokuridhisha, chukua penseli laini uchore juu ya plastiki yenyewe alama chache za ua: ukingo wa petali moja, mshipa wa jani, kona ya kikonyo. Alama hizo ndizo zitakazokuongoza kwenye vipande saba vilivyobaki. Usikunje kitambaa ukakata tabaka mbili kwa pamoja; kata moja moja, uso wa kitambaa ukiwa juu. Kuwa macho pia na maua yanayofanana huku moja limeinamia kushoto na jingine kulia. Hayo ni maua mawili tofauti.

Nimeona pia umetumia vioo viwili, ukavisimamisha kwenye kingo mbili za almasi zinazokutana kwenye ncha, kukisia nyota itakavyokuwa. Ni njia nzuri sana, ila ina sharti lake. Kioo hugeuza picha, na vipande vyako nane havigeuki, vinazunguka tu. Ua likiwa na nusu mbili zinazolingana, na ukalilaza sawa juu ya mstari wa katikati wa almasi, utakachokiona kiooni ndicho utakachokishona. Likiwa limeinama, kiooni litakupa mapambo yaliyotazamana, lakini mezani utapata nyota inayozunguka upande mmoja. Mimi naipenda hiyo inayozunguka, ina uhai. Ila uichague mwenyewe, isikujie tu.

Sasa matundu. Ndiyo, mwanangu, kitambaa kitatoboka. Hesabu maua kabla ya kuhesabu mita: kama ua unalolitaka hutokea mara mbili kwenye upana wa kitambaa, na hurudi kila baada ya sentimita 60 za urefu, maua nane yanataka mita 2.4. Vipande vinavyobaki katikati ya matundu vitafaa kwa kazi nyingine ndogo, usivitupe. Lakini usilivute ua likae vibaya kwa ajili ya kuokoa kitambaa. Kama hutaki kulipa gharama hiyo, chukua kitambaa cha nakshi ndogo ukate kawaida, nyota itapendeza vilevile kwa rangi zake.

Jambo moja hukuliuliza, nami sitaki likukute katikati ya kazi. Ukifuata ua, hufuati tena uzi wa kitambaa, yaani mwelekeo wa nyuzi zilizokifuma. Almasi iliyosimama wima juu ya uzi ina kingo zote nne za mshazari, na kingo za mshazari hunyumbuka. Kipande kikivutika kidogo tu, nyota haitalala chini, itafura katikati. Tia kitambaa wanga na ukipige pasi kabla ya kukata. Pasi uibonyeze na kuiinua, usiiburute. Vipande ukishavikata usivishikeshike. Vipange mezani kama nyota na uviache hapo mpaka zamu ya kila kimoja.

Katika kushona, chora mstari wa mshono nyuma ya kila almasi, na uchomeke pini ipite kwenye alama ileile ya petali pande zote mbili. Shona mbili mbili, kisha nne nne, mwisho unganisha nusu na nusu. Upande wa nje simamisha mshono milimita 6 kabla ya ukingo, maana hapo ndipo utakapoingiza miraba na pembetatu za kujazia. Mshono wa mwisho upige bandi (mshono mrefu wa muda) kwanza kwa mkono pale katikati, ufunue utazame, ndipo uupeleke kwenye cherehani. Bandi hufumuka kwa mvuto mmoja. Nyuma, laza mishono yote kuelekea upande mmoja kwa mzunguko, kwa sababu hapo katikati pana kingo 16 za kitambaa zinazogombea nafasi.

Hiyo nyota uliyokwisha kuishona usiifumue. Kingo zake zimeshavutwa vya kutosha. Ishonee mto, halafu kwenye kitambaa kilichobaki tafuta waridi lenye nusu zinazolingana, ukate almasi moja tu, uipige picha ikiwa na mstari wa mshono juu yake, unitumie kabla hujakata ya pili.

Mama yako