Manesi wapya wa mkoba, fungueni hicho kichupa

Wadogo zangu mliopangiwa zahanati za pembezoni, mtakaotoka kwa mkoba kuwafuata watoto huko waliko na chanjo, karibuni. Nimemsikia mmoja wenu akimwambia mama, "Subiri wafike watoto watano ndipo nichanganye chanjo ya surua-rubela." Kumbe ugonjwa wetu umeshawaambukiza.

1. Pakiti ya barafu isitoke kwenye friza ikapangwa moja kwa moja na Penta, ile chanjo ya magonjwa matano. Iacheni mpaka mkiitikisa msikie maji ndani. Penta ikiganda imeharibika, hata kama VVM, ile alama ya joto kwenye kichupa, haina neno.

2. Maji ya kuchanganyia unga wa chanjo ya surua yapozwe na yahesabiwe pamoja na vichupa. Mkiyasahau, mtarudi na surua yote na vumbi la bure.

3. Kichupa cha surua-rubela. Kina dozi 10, na kikishachanganywa hakivuki saa 6, kinatupwa. Hesabu mnayoipiga kichwani naijua: mratibu wa chanjo wa wilaya atauliza upotevu, yaani dozi zilizotupwa. Niliipiga hiyo hiyo, chini ya mgunga, kwa wafugaji. Alikuja mama mmoja tu wa surua, mtoto ametimiza miezi 9, kadi ameifunga kwenye nailoni isilowe. Nikamwambia kwa ile sauti ya upole tunayofundishwa chuoni, "Mama, rudi mwezi ujao, mtakuwa wengi." Hakubisha. Aliomba maji ya kunywa, akaifunga kadi yake upya, taratibu, akaondoka. Mwezi uliofuata nilikuta boma limebaki miiba mitupu. Malisho yalikuwa yamekwisha, wamehama na mifugo. Mwenyekiti wa kitongoji akaninyooshea fimbo upande walikoelekea, kana kwamba pikipiki yangu ingewafikia. Kwenye rejesta, safu ya surua ya yule mtoto ilibaki tupu, na mwandiko wa jina lake ni wangu. Upotevu wetu wa chanjo ulikuwa mdogo kweli kipindi hicho. Nilisifiwa kikaoni, wakapiga makofi.

Kwa hiyo akija mmoja, changanya. Zile dozi 9 ziandike kwenye fomu, mratibu anung'unike, chai itanyweka tu.

4. Siku ya mkoba isigongane na siku ya mnada. Ikigongana, hamishieni meza mnadani.

5. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii apigiwe simu jana yake, si mkiwa mmeshafika mnamtafuta kwa majirani. Vocha mnazo, mnaziweka status kutwa.

6. Na ninyi mnaokwenda bondeni masika na viatu vyeupe vya mahafali, haya, nendeni. Mtarudi mmevibeba mkononi.