Maswali ya Wasomaji: Binti yangu anachora mtaa ambao haupo tena

SWALI: Dada habari za kazi. Nipo New Jersey, nina binti yuko sekondari na wamepewa projekti ya historia ambayo inanichanganya kwa kweli. Kila jioni yuko kwenye kompyuta anasema anachora ramani ya Little Syria, mtaa wa Waarabu wa Manhattan uliovunjwa zamani. Nikimuuliza mbona husomi vitabu ananiambia mama hii ndo historia yenyewe. Mimi naona vidoti tu. Kuna elimu hapo au wanapoteza muda?
Mama wa binti, New Jersey

JIBU: Mama, elimu ipo tena nzito, na ningekuomba ukae nae jioni moja akuonyeshe.

Mtaa wenyewe ulikuwa Washington Street, kule chini kabisa ya Manhattan, karibu na meli zilipokuwa zinashusha wageni. Kuanzia miaka ya 1880 watu waliotoka sehemu ambazo leo ni Syria na Lebanon walijaa pale, wengi wao Wakristo, wakafungua maduka ya jumla na wachuuzi wakawa wanachukua mali humo, lesi, vitambaa, rozari, wanaibeba mgongoni na kuizungusha Marekani. Magazeti ya Kiarabu yalichapishwa hapohapo. Alafu mwaka 1940 wakaanza kuchimba handaki la magari la kwenda Brooklyn, majengo mengi yakavunjwa kupisha njia ya kuingilia, na wakazi ambao walikuwa hawajahamia Atlantic Avenue kule Brooklyn ikabidi watafute pa kwenda. Yamebaki majengo matatu yamepangana, moja lilikuwa kanisa la St. George's.

Sasa kazi ya binti yako. Kuna ramani za kampuni ya Sanborn zilizochorwa kwa ajili ya bima ya moto, zinaonyesha kila jengo, la matofali limepakwa pinki, la mbao njano, la mawe bluu. Wanafunzi wanachukua skani ya ramani hiyo wanailaza juu ya ramani ya leo, wanatafuta kitu ambacho hakijahama, mfano kanisa la Trinity pale Broadway, wanakipigilia pini pande zote mbili, alafu kona nyingine na nyingine mpaka ramani ya zamani ikae sawasawa. Baada ya hapo wanaingia kwenye karatasi za sensa, jina la barabara limeandikwa pembeni kwa kusimama, namba ya nyumba, jina la baba, mke, watoto, wapangaji, kazi. Kila familia inapata kidoti chake kwenye nyumba yake. Kwahiyo vile vidoti unavyoviona ni watu, mama.

Na hapa ndo penye akili. Zama zile Syria ilikuwa chini ya dola ya Waosmani, yani Waturuki, kwahiyo karani wa sensa ya 1910 mara nyingi aliandika mtu kazaliwa Uturuki. Mtoto akihesabu walioandikiwa Syria peke yake, nusu ya mtaa inaweza kumpotea. Inabidi aangalie lugha ya mama iliyoandikwa, majina, majirani, ndipo aamue. Majina nayo karani aliandika alivyosikia, ndugu wawili wanaweza kutokea na majina ya ukoo tofauti. Hiyo ndo kazi ya mwanahistoria, kuhoji karatasi, na mimi nafurahi sana kuona mtoto wa sekondari anaifanya mwenyewe badala ya kukariri tarehe.

Mwambie pia atafute picha za kodi, zile zilizopigwa kwa ajili ya kukadiria kodi ya majengo. Kati ya 1939 na 1941 jiji la New York lilipiga picha karibu kila jengo, zimewekwa mtandaoni, na kwenye picha nyingi kuna kibao chenye namba ya bloku na ya kiwanja. Sensa ya 1940 ilifanyika Aprili na uchimbaji ukaanza Oktoba mwaka huohuo, yani anaweza kujua nani alikuwa anaishi nyuma ya dirisha fulani miezi michache kabla ya handaki.

Angalizo moja tu, sensa ya 1950 nayo imefunguliwa kwa umma tangu 2022 na watoto waliomo wengi bado wako hai, wazee wa watu. Wanafunzi wakitaka kuweka habari za familia zaidi ya zilizo kwenye karatasi waombe ruhusa kwanza.

SWALI: Programu ya kulaza ramani ya zamani juu ya ramani ya leo inauzwa? Nataka kujaribu Kariakoo.
Mwanafunzi, Dar

JIBU: Huuziwi kitu, QGIS, programu ya kutengeneza ramani, ni bure na OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, pia ni bure. Tena Dar mna pa kuanzia, mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu walitembea mitaani na wakazi kwenye mradi wa Ramani Huria wakachora nyumba, mifereji na njia kwa sababu ya mafuriko. Ramani ya leo mnayo tayari. Tafuteni ya zamani, iskanini vizuri, alafu nendeni nayo kwa wazee wa Kariakoo muwaulize nyumba hii ilikuwa ya nani na walitokea wapi.