Kwa fundi mpeleke ranchu mbaya

Mwaka wangu wa pili wa kufuga ranchu, samaki wa dhahabu wa Kijapani, nilifanya upuuzi ambao hadi leo nikiukumbuka masikio yanapata moto. Nilinunua samaki mnadani, hapa hapa mkoani Aichi, Japani, mzuri kuliko wote niliokuwa nimewazalisha mwenyewe. Jumapili nikamtia kwenye beseni mbele ya wazee wanaokutana kutazamana samaki, nikanyamaza. Sikusema nimemzalisha, wala sikusema nimemnunua. Niliwaachia watu wajazie wenyewe.

Mzee anayenifundisha akainama juu ya beseni, akakaa hivyo kitambo. Kisha akauliza swali moja: "Ndugu zake, siku ya ishirini, mikia ilikuwaje?"

Nikababaika. Nikasema ilikuwa mizuri. Akaitikia kwa kichwa, akahamia beseni la pili. Miezi miwili iliyofuata, kila nikienda kwake alinikaribisha chai na kunisimulia habari za mvua. Samaki hatukuwagusa hata kwa neno.

Wewe unayeanza huenda hujaona ubaya wa swali lile. Ranchu ni samaki wa dhahabu asiye na pezi la mgongoni, mnene, kichwa kina vinundu vya nyama, na Wajapani humtazama kutoka juu, si kwa ubavuni kupitia kioo. Umbo analotafutiwa leo lina mizizi katika kazi ya familia ya Ishikawa ya Tokyo, tangu enzi ya Meiji, na tangu hapo linashikiliwa kwa mikono ya watu. Ukiwaacha wazaliane bila kuwachambua, vizazi vichache tu vinatosha kukurudisha kwenye samaki wa kawaida. Jike mmoja hutaga mayai maelfu. Maji yakiwa kwenye nyuzi 20 hivi, mayai huanguliwa baada ya siku nne au tano, na wiki mbili tatu baadaye mkia unakuwa umefunguka kiasi cha kuonekana. Hapo unakaa na beseni jeupe na kijiko, unawachambua kama mchele: mwenye mkia mmoja kama wa funa, yule samaki wa kawaida wa mtoni, toa, mwenye uti uliopinda, toa, mwenye kijinundu mgongoni pale pezi lilipotakiwa lisiwepo, toa. Baada ya wiki au siku kumi unarudia. Kwenye maelfu yale, vuli inakukuta na thelathini, pengine ishirini.

Kwa hiyo aliyezalisha ranchu mzuri amewatazama mamia ya ndugu zake wabaya, mmoja mmoja, mgongo wake ukimuuma. Ukimuuliza mikia ilikuwaje siku ya ishirini, hatasema "mizuri". Atakwambia nusu walikuwa na mkia uliojikunja upande wa kushoto, na kwamba alidhani uzao wote umeharibika. Ukiona vyaelea vimeundwa, na mzee alikuwa anaulizia kuundwa. Mimi nilikuwa na kinachoelea tu.

Lakini aibu ile ilikuwa nafuu. Uongo ulionigharimu zaidi ulikuwa mdogo, wala sikuuhesabu kuwa uongo.

Ilikuwa Juni. Vifaranga wangu walikuwa bado weusi, ile hatua inayoitwa kuroko, kabla rangi haijaanza kubanduka. Wakaanza kukunja mapezi na kususia chakula. Nikampigia mzee. Akauliza maji nimebadilisha lini. Nikasema juzi. Ukweli ni kwamba nilikuwa kwenye zamu za usiku kiwandani, na maji yale yalikuwa na siku nane, huku mchana nikiwalisha viluwiluwi vyekundu vya kugandishwa kwa ukarimu mwingi ili kufidia kutokuwepo kwangu. Yeye, akiamini maji ni mapya, akawaza vidudu vya ngozi. Akaniambia nitie chumvi, gramu 5 kwa kila lita, nisilishe, nisubiri. Kwa maelezo niliyompa ushauri ulikuwa sahihi kabisa. Nikatia chumvi ndani ya maji yaliyojaa amonia, sumu ya kinyesi na mabaki ya chakula, nikasubiri. Kufikia asubuhi ya tatu nilikuwa nimepoteza zaidi ya arobaini.

Tazama kilichotokea. Mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi alitibu samaki ambao hawakuwepo, wale wa hadithi yangu, na wangu halisi wakafa. Na yeye upande wake akabaki na somo la uongo: kwamba kwa samaki wangu chumvi haikusaidia. Angeweza kulipeleka kwa mwanagenzi mwingine.

Nilipomwambia ukweli, wiki kadhaa baadaye, nilitegemea anifukuze. Aliingia ndani akatoka na daftari lake, limevimba kwa maji, akanionyesha ukurasa. Tarehe ya kutaga, joto la asubuhi na la jioni, chakula, siku ya kubadilisha maji, idadi ya waliotolewa. Na pembeni, kwa kalamu nyekundu, siku alizozembea. Hizo nyekundu zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa hadhi yake.

Tangu siku hiyo nina daftari. Huwa siandiki vizuri, lakini naandika mabaya kwanza.

Kuhusu magonjwa sina mzaha. Kuna virusi vya herpesi vya samaki wa dhahabu, na huvuma zaidi maji yakiwa ya wastani, majira ya kuchipua na vuli, majira yaleyale ambayo sisi tunapelekeana samaki na kukutana. Samaki aliyepona anaweza kuonekana mzima wa afya na bado akawaua wa mwenzako. Kama ulipata vifo vya ghafla, sema kabla hujaleta beseni, hata kama maana yake ni kukaa nyumbani siku uliyoingoja mwaka mzima. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo hakiishii kwako.

Siku yenyewe watu huingoja kweli. Maonyesho ya ranchu wa Japani nzima hufanyika tarehe 3 Novemba, yakizunguka kati ya mashariki, katikati na magharibi ya nchi, na washindi hupangwa kwa vyeo vya mieleka ya sumo: wa juu kabisa ni ozeki wa mashariki, anafuatwa na ozeki wa magharibi. Vishawishi navyo havikosekani. Utasikia fulani kapunguza ncha ya mkia kwa wembe, fulani kanyofoa magamba ili doa la rangi likae sawa. Mgeni mmoja aliniuliza: mbona kwa jikin inaruhusiwa? Swali zuri. Jikin ni samaki mwingine wa huku Aichi, na desturi ya kumwondolea magamba mekundu akiwa mdogo, abaki mweupe mwenye wekundu mdomoni, kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye mapezi, ni ya zamani. Ila kila anayemtazama jikin anajua hivyo, hakuna anayedanganywa. Ranchu mwenye mkia uliokatwa anadanganya anayemtazama, halafu anamdanganya atakayemnunua kwa ajili ya kuzalisha, maana wembe haurithiwi. Watoto watatoka na mkia wa zamani, na mtu wa watu atajilaumu mwenyewe kwa misimu miwili mitatu.

Jambo jingine linawachanganya wapya: mafundi hawakubaliani. Mmoja atakwambia maji ya kijani, yaliyoota mwani, ndiyo uhai, mwingine atabadilisha maji kila baada ya siku mbili mpaka ushangae bili yake. Mimi nilichukua kidogo huku, kidogo kule, nikapata mabaya ya pande zote. Chagua mmoja, mfuate misimu mitatu hivi, hata pale unapodhani anakosea. Kila fundi mbinu zake zimefungamana: chakula chake kingi kinawezekana kwa sababu maji yake ni mapya, na maji yake hukaa muda mrefu kwa sababu samaki ni wachache na jua ni kali pale kwake. Ukiuliza, usiulize "nibadilishe maji kila baada ya siku ngapi?" Uliza yeye jana alifanya nini na kwa nini. Atajibu kwa raha zaidi.

Akikupa samaki wa ukoo wake, usimwuze bila kumwambia. Na waliokataliwa kwenye kuchambua usiwapeleke mtoni kwa huruma. Wengi wetu huwatoa kuwa chakula cha wanyama wengine, na wengine kuwapa watoto wa jirani. Ni sehemu mbaya ya kazi hii, sitaipaka rangi.

Basi ukija Jumapili kwa wazee mara ya kwanza, usilete bora wako. Bora wako atasifiwa, utarudi nyumbani na sifa. Mimi msimu uliopita nilipeleka mmoja mwenye mkia uliolegea upande mmoja na mwingine ambaye kichwa kiligoma kujaa. Mzee alicheka, akavua miwani, akapangusa, akakaa juu ya beseni langu karibu saa nzima, huku mabeseni ya washindi yakingoja. Alitaka kujua walikaa wangapi kwenye chombo kimoja mwezi Julai. Nikafungua daftari. Walikuwa wengi mno, na nilikuwa nimeandika hivyo, kwa wino mwekundu.

Beseni liwe jeupe. Na vaa viatu vya mpira, uwanjani kwake ni maji matupu.