Barua kwa mwanangu: klarineti na ala nne za nyuzi

Nyamanoro, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimezisoma kurasa za nota za kazi unayoitunga ulizonitumia na kuisikiliza rekodi ya mazoezi. Unauliza kwa nini klarineti yako inasikika kama mgeni mbele ya fidla mbili, viola na selo, na kama kuingiza wimbo wa Kisukuma kungeweza kuziunganisha. Kwa maoni yangu kinachokusumbua ni pumzi, na wimbo hautakusaidia usipolitazama hilo kwanza.

Wapiga nyuzi hugeuza upinde bila sauti kukatika, hivyo sentensi yao huendelea kadiri mtunzi apendavyo, ilhali mpiga klarineti hana budi kuvuta hewa. Katika kazi yako, kila anapovuta hewa wenzake wanaendelea kana kwamba hakuna lililotokea, na kila anaporudi anasikika akibisha hodi upya. Umewasikia tangu utotoni waimbaji wa bugobogobo, ngoma ya wakulima wetu wenye majembe: mara nyingi waitikiaji hawangoji kiongozi amalize, bali huingia juu ya silabi yake ya mwisho, naye akapata nafasi ya kuvuta hewa chini ya sauti zao. Huo mpangilio ndio ningeuchukua kwao, wala si wimbo wenyewe. Wimbo mzima ukiupachika katikati, wasikilizaji wa huku watautambua, wataufurahia, kisha watarudi kuisikiliza kazi ileile yenye kasoro ileile.

Chukua ile nota ndefu ya ukurasa wa tatu. Kabla klarineti haijaiachia, mpe mpiga viola nota hiyohiyo, aianze kwa upinde mwepesi juu ya ubao wa vidole, ambako sauti hupoteza ukali wake. Klarineti ipungue polepole hadi msikilizaji asijue ni wakati gani imenyamaza. Kisha ifanye kinyume chake: klarineti irudi ndani ya sauti ya viola, kwa kuwa inaweza kuanza kutoka kimya kabisa, jambo ambalo ni gumu kwa ala nyingi za kupuliza.

Hilo litawezekana ukichagua vizuri eneo la sauti. Bomba la klarineti, kwa umbo lake, likipulizwa kuvuka kwenda sauti za juu haliruki okteva (nota ya nane ya skeli) kama filimbi bali hurukia nota ya kumi na mbili, na ndiyo maana sauti zake za chini, za katikati na za juu zinatofautiana mno. Za chini ni nzito na zenye uwazi ndani yake, na hukubaliana na viola kwa urahisi. Zile za kooni, zinazotangulia kuvuka kwenda juu, ni hafifu. Wewe umeziwekea kilele cha sehemu ya kwanza, mahali ambapo fidla ya pili na viola zina nguvu ya kutosha kuzifunika. Hamisha kilele hicho. Fikiria pia kutumia klarineti ya A, yenye sauti ya chini kidogo, badala ya ile ya B-fleti, kwani nota yake ya chini kabisa husikika C-shapu, nusu toni tu juu ya uzi mzito wa viola. Watunzi Mozart, mwaka 1789, na Brahms, mwaka 1891, waliandika kwinteti zao, yaani kazi za ala tano kama yako, kwa klarineti hiyo.

Wote wawili waliziacha nyuzi zianze, klarineti ikaingia baada ya vipimo vichache vya muziki ikipanda kutoka chini. Wewe umeianzisha peke yake, juu, kwa nguvu. Sikukatazi, lakini ukiianzisha hivyo umeshawatangazia watu kwamba wanne waliobaki ni wasindikizaji, na itakuchukua muda mrefu kuwaondolea wazo hilo.

Kuhusu zile jozi za sauti mbili zinazotoka kwa pamoja ulizoandika mwishoni, baki na jozi mbili au tatu tu, na uzithibitishe na mpigaji mwenyewe kwenye klarineti yake, maana vidole vinavyofaa ala moja vinaweza kukataa kwenye nyingine.

Andika upya ukurasa wa tatu na wa nne, uweke alama ya pumzi kwenye karatasi za wapigaji wote watano, kisha wafanye mazoezi wakivuta hewa pamoja. Nitumie rekodi hiyo kabla hujagusa sehemu ya pili. Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako